Askofu aliyesema anampenda Nduli

Mwaka 1977 kilichapishwa kitabu kidogo cha Kiingereza ambacho jina lake, likitiwa katika Kiswahili, ni "Nampenda Idi Amin". Mwandishi wake hakuwa kibaraka wa serikali ya Kampala, wala hakuwa mtu aliyelipwa ili amsafishie dikteta jina lake. Alikuwa Askofu Festo Kivengere wa Dayosisi ya Kigezi, magharibi ya Uganda, ambaye wakati huo alikuwa mkimbizi asiye na makao, na ambaye Askofu Mkuu wake alikuwa ameuawa mwezi Februari wa mwaka huohuo chini ya utawala wa mtu yuleyule ambaye jina lake liliandikwa juu ya jalada.

Kwa msomaji wa Tanzania jina la kitabu hicho si jambo jepesi kulimeza. Wale waliokuwa watu wazima mwishoni mwa mwaka 1978 wanakumbuka jinsi majeshi ya Amin yalivyovuka mpaka, yakaua raia wasiokuwa na silaha, yakaswaga ng'ombe wao, yakapora hata mabati ya nyumba, na kulivunja daraja la Kyaka. Wanakumbuka pia kwamba katika redio na magazeti yetu mtu huyo hakuitwa Rais wala Jenerali. Aliitwa Nduli, na jina hilo lilimkaa barabara. Sasa msomaji anaombwa aamini kwamba alikuwapo Mkristo mmoja, tena mwenye haki zote za kumchukia, aliyesema hadharani kwamba anampenda. Je, alikuwa amerukwa na akili? Au alikuwa akitamka maneno matamu ya mimbarini ambayo hayamgharimu mtu kitu?

Jibu haliwezi kupatikana bila ya kutazama kwanza yaliyotokea.

Usiku wa manane wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia kwa nguvu katika nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, wakidai kwamba wanatafuta silaha. Walipekua kila chumba, na silaha hawakuziona. Siku chache baadaye maaskofu wa Kanisa la Uganda walikutana, wakamwandikia Amin barua ya kulalamika. Barua ile haikuhusu nyumba ya mkubwa wao peke yake. Ilieleza habari za watu waliokuwa wakikamatwa na kutoweka bila ya kufikishwa mbele ya sheria, na habari za bunduki ambayo ilikuwa imewekwa kulinda raia na sasa imegeuzwa kuwaelekea. Kwa Uganda ya wakati ule, kutia sahihi chini ya maneno kama hayo kulikuwa sawa na mtu kujichimbia kaburi.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini na wakuu wa serikali waliitwa mbele ya hoteli ya Nile Mansions. Silaha zilikuwa zimepangwa uwanjani, ushahidi wa njama ukasomwa, na askari waliokusanywa hapo wakapiga kelele kwamba watuhumiwa wauawe. Maaskofu wengine waliambiwa waende zao, Luwum akazuiwa. Kivengere alikuwa miongoni mwa wale walioondoka. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba Askofu Mkuu pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, walikuwa wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyeisadiki ajali hiyo. Maiti haikutolewa ili izikwe Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Ilipelekwa na askari hadi Mucwini, kijijini kwa marehemu, kaskazini ya nchi. Jumapili iliyofuata waumini kwa maelfu walikusanyika Namirembe wakaimba kando ya kaburi lililokuwa tupu.

Siku hizo hizo Kivengere alipewa habari kwamba zamu yake imefika. Yeye na mkewe, Mera, waliondoka usiku, wakapanda milima ya Kigezi kwa miguu, wakaingia Rwanda.

MCHUNGA NG'OMBE

Askofu huyu hakuwa mgeni kwetu. Alizaliwa Kigezi, akakua akichunga ng'ombe kama watoto wengine wa huko, kisha akasoma ualimu. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja Tanganyika, akafundisha kwa miaka mingi katika shule ya sekondari ya Dodoma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba mwaka 1960, mhubiri maarufu wa Marekani, Billy Graham, alipofika Moshi, Kivengere ndiye aliyesimama kando yake kumfasiria. Wazee wengi wa Kilimanjaro na wa Ugogo walimfahamu kwa sauti yake kabla hawajamfahamu kwa cheo.

Tena alikuwa mtoto wa ule Uamsho ulioanza katika miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, ukavuka na kuingia katika sehemu zetu za magharibi ya Ziwa. Watu wa Uamsho huo, ambao wengi huwaita walokole, walikuwa na desturi moja iliyowakera majirani na hata makasisi wao. Mtu akiokoka hakuishia kuimba na kulia kanisani. Alitakiwa aondoke akamtafute aliyemwibia, amrudishie. Akamtafute aliyemsengenya, amwombe radhi. Akamtafute anayemchukia, amwambie uso kwa uso, "Nimekuwa nikikuchukia, nisamehe". Mwandishi wa makala haya hana nia ya kutetea kila jambo la walokole, maana wapo miongoni mwao waliogeuza kuungama kuwa namna ya kujionyesha. Lakini desturi ya kwenda kwa miguu yako mwenyewe hadi mlangoni kwa mtu si mzaha, na yeyote anayeibeza na ajaribu kuifanya mara moja.

Kivengere aliifanya. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli akasafiri mwendo mrefu hadi kwa Mzungu mmoja ambaye alikuwa akimchukia, si kwa sababu ndogo, bali kwa dharau zote ambazo Mwafrika alikuwa akizivumilia mbele ya Wazungu wakati wa ukoloni. Alikwenda kumwambia kwamba chuki ile imekwisha, na kwamba sasa anamwona kuwa ni ndugu. Tafakari, msomaji: aliyeonewa ndiye aliyepanda baiskeli. Katika hesabu zetu za kawaida angengoja mwingine ndiye aje.

Hata hivyo, mazoezi ya miaka 30 na zaidi hayakumkinga na yaliyompata mwaka 1977. Mwenyewe ameeleza kwamba akiwa ukimbizini alianza kugundua kitu kigumu kikikua moyoni mwake. Kila alipopata habari kutoka nyumbani, ya rafiki aliyechukuliwa ndani ya gari na hakurudi, au ya mjane aliyefukuzwa katika nyumba yake, ugumu ule uliongezeka. Alikuwa akihubiri upendo, na huku ndani akikauka. Siku ya Ijumaa Kuu aliingia kanisani mjini London, akasikiliza habari za Yesu akiwaombea msamaha wale waliokuwa wakimpigilia misumari. Hapo likamjia swali ambalo hakuweza kulikwepa: kama aliyeshika nyundo siku ile angekuwa Idi Amin, je, sala ile ingemruka yeye peke yake? Alipotoka kanisani alikuwa amekata shauri. Kitabu kikaandikwa.

NENO LENYEWE

Ni hapa ambapo inafaa tusimame kidogo juu ya lugha, kwa kuwa nusu ya ugomvi wa watu kuhusu jambo hili hutokana na neno kutumiwa ovyo. Kiswahili ni tajiri. Tuna mahaba, tuna huba, tuna mapenzi, na tuna upendo. Mahaba na huba humjia mtu vyenyewe. Hakuna anayeweza kuamrishwa kuwa nayo, na Injili haikuamrisha hivyo. Katika sura ya tano ya Mathayo, pale Yesu anapowaagiza wafuasi wake wawapende maadui zao, mara moja anaeleza anachokitaka: wawaombee wanaowaudhi, wawatendee mema. Hayo ni matendo. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Warumi, alikwenda moja kwa moja jikoni: adui akiwa na njaa apewe chakula, akiwa na kiu apewe maji. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima ufurahi ukimwona.

Kivengere hakuwahi kupendezwa na Amin. Hakuacha kuyataja maovu yake pia. Katika miaka ile ya ukimbizi alizunguka Ulaya na Marekani akiwaeleza walimwengu jinsi raia wa Uganda walivyokuwa wakichinjwa, wakati ambapo serikali nyingi, zikiwamo za Afrika, zilikuwa zimenyamaza. Alichokikataa ni kitu kimoja: kumwacha muuaji augeuze moyo wake uwe kama wa muuaji. Alipoulizwa angefanya nini kama angepewa bastola na Amin ameketi mbele yake, alijibu kwamba angemkabidhi bastola ile, na kumweleza kwamba hiyo ni silaha yake Amin. Ya kwake yeye Askofu ni upendo.

Jibu hilo ni zuri kwa askofu. Je, ni jibu zuri kwa nchi? Mnamo Novemba 1978 Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila siku alipoweza, hakumkabidhi Amin bastola. Aliwatangazia wananchi kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga vipo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, watu hao wawili hawapingani kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Mtu anaweza kugeuza shavu lake mwenyewe. Hana haki ya kugeuza shavu la mtoto wa jirani. Mkulima wa Kyaka aliyechomewa nyumba alistahili kulindwa na serikali yake, na serikali ambayo ingemhubiria msamaha badala ya kumpelekea jeshi ingekuwa imemsaliti. Kivengere mwenyewe alirudi Uganda mwaka ule wa 1979 kwa sababu njia ilikuwa imefunguliwa na bunduki za wengine, na hakuona haya kushukuru.

Hatari halisi ilikuja baadaye. Mwaka 1980, Amin akiwa amekwisha kukimbia, kisasi kiliwageukia watu wa West Nile, sehemu alikotoka. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote ila kuzaliwa huko. Waliuawa, nyumba zao zikachomwa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Wale waliokuwa wakilizwa jana wakawa wanaliza leo. Hicho ndicho kitu alichokuwa akikihofia Askofu alipotazama ndani ya moyo wake pale London, na ndiyo maana hakukiona kuwa jambo la siri baina yake na Mungu wake tu.

DENI LA MIEZI MINNE

Tuyaache sasa mambo ya marais na maaskofu, tuingie katika nyumba zetu za kupanga, ambako familia sita hutumia bomba moja, choo kimoja na uwanja mmoja wa kuanikia nguo. Huko hakuna Nduli. Kuna mweka hazina wa upatu aliyehama usiku na fedha za wenzake. Kuna mfanyakazi aliyechongewa kwa msimamizi na rafiki waliyekuwa wakigawana chakula cha mchana, akakosa kupandishwa daraja. Kuna shemeji aliyeuza shamba la marehemu kabla ya arobaini kwisha. Kuna mke aliyeambiwa neno moja na mama mkwe miaka kumi iliyopita, na hadi leo akiliwaza usingizi humruka. Makosa haya hayaandikwi katika vitabu, lakini hula watu.

Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, ina mfano unaohusu fedha, na kwa hiyo wafanyakazi wanapaswa kuuelewa kuliko watu wengine wote. Mtumwa mmoja alidaiwa na mfalme talanta 10,000, akasamehewa. Alipotoka nje akamkaba koo mtumwa mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Wahubiri wengi huharakisha kusema kwamba deni la pili lilikuwa dogo, kama si kitu. Tupige hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari 100 basi ni mshahara wa karibu miezi minne. Ni nani kati yetu ambaye angeona kwamba mshahara wa miezi minne si kitu? Kodi ya nyumba, karo za watoto, unga, mafuta ya taa, vyote vimo humo. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na hivyo deni la kwanza, kwa mtu afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka, lingemchukua miaka 200,000 kulilipa. Ukubwa huo ni wa kuchekesha, na bila shaka wasikilizaji wa kwanza walicheka. Lakini deni dogo halikufanywa kuwa la mchezo. Mfano haumwambii aliyekosewa kwamba hakuumia. Unakiri kwamba ameumia mshahara wa miezi minne, ndipo unapomwomba aachilie koo la mwenzake.

Kwa sababu hiyo, methali yetu isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, yafaa itumiwe kwa hadhari. Msikilize vizuri anayeitamka. Mara nyingi huwa ni yule aliyekosa, tena kabla hajakiri alichokosa. Vivyo hivyo ule usuluhishi wa haraka ambao baadhi ya wazee wa ukoo na wazee wa kanisa huupenda: watu huketishwa jioni moja, huambiwa washikane mikono, soda hunywewa, na mambo huhesabiwa kuwa yamekwisha. Kumbe aliyedhulumiwa ameondoka na fundo lilelile, na juu yake ameongezewa aibu ya kuonekana mkaidi iwapo atalalamika tena.

Jambo zito zaidi ni la mwanamke anayepigwa nyumbani. Huyu huhubiriwa msamaha kuliko mtu mwingine yeyote katika jamii yetu. Huambiwa saba mara sabini, huambiwa abebe msalaba wake, hurudishwa kwa mume akiwa bado na uvimbe usoni. Wanaofanya hivyo wanachanganya mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kutaka kulipiza; si kurudi na kusimama chini ya fimbo. Kivengere alimsamehe Amin akiwa ng'ambo ya mpaka, na hakuna Mkristo aliyemlaumu kwamba angalirudi Kampala kwanza ndipo msamaha wake ukubalike. Mwanamke anayehamia kwa ndugu zake, au anayekwenda kituo cha polisi, hajavunja amri yoyote ya upendo. Tena huenda akawa amemtendea mumewe wema, kwa kumzuia asiwe muuaji.

Wapo watakaouliza: je, kama aliyenikosea hajutii? Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na Askofu hakupata bahati ya kulikwepa, kwa maana Amin hakujuta. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akaishi Jeddah kwa starehe akila na kulala, na kufa huko tarehe 16 Agosti 2003 bila ya kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Mtu wa namna hiyo ukingoja mpaka aje na machozi, utangoja hadi kiama, na wakati wote huo yeye amelala usingizi na wewe uko macho. Kivengere aliona kwamba msamaha una nusu mbili. Nusu moja ni ya aliyekosewa, naye aweza kuitoa wakati wowote, hata kama mwenziwe yuko mbali au amekufa. Nusu ya pili, ile ya kupatana na kukaa pamoja tena, haiwezi kukamilika bila ya mkosaji kukiri na kurudisha alichochukua. Mweka hazina wa upatu aweza kusamehewa leo; kukabidhiwa tena mfuko wa fedha ni habari nyingine kabisa.

Wasomaji wetu Waislamu wanayo mafundisho yao juu ya afu na subira, na hapana shaka wengi wao wataona kwamba mengi ya haya si mageni kwao. Inafaa pia ikumbukwe kwamba Amin, aliyejipamba kwa jina la dini, aliwaua Waislamu kama alivyowaua Wakristo, na kwamba askari wetu waliokwenda kumtoa walikuwa wa dini zote.

Baadhi ya askari hao wamelala katika makaburi ya mashujaa huko Kaboya, Mkoa wa Kagera. Na hapo ndipo mwisho wa uwezo wa Askofu Kivengere, jambo ambalo yeye mwenyewe angalikuwa wa kwanza kulikubali. Aliweza kusamehe alichotendewa yeye: nyumba aliyoipoteza, rafiki aliyeuawa, usiku ule wa kupanda milima pamoja na mkewe. Hakuweza kusamehe kwa niaba ya Mary Luwum, mjane wa Askofu Mkuu, wala kwa niaba ya mama wa Bukoba au wa Songea ambaye mwanawe hakurudi kutoka vitani. Kitabu chake hakisemi "Tunampenda". Alitumia nafsi ya kwanza, umoja, na akafariki dunia Nairobi mwezi Mei 1988, miaka 15 kabla ya mtu aliyemwandika kwenye jalada.